Kupe, Majira na Mnyama katika Nyanda za Umatengo

Kutoka ufuko wa Ziwa Nyasa, ulioko kiasi cha meta 475 tu juu ya usawa wa bahari, hadi vilima vya Umatengo, ambavyo baadhi yake hufikia meta 2,000, si mbali. Msafiri aondokaye Mbamba Bay asubuhi kwenda Mbinga huacha nyuma yake miembe na mihogo ya kando ya ziwa, hupanda mteremko mkali, na kabla ya jua la utosi huwa amekwisha kuingia katika nchi ya kahawa, ya mashamba ya ngoro na ya ukungu wa asubuhi. Kwa wastani joto hupungua kiasi cha nyuzi 6 za Sentigredi kwa kila meta 1,000 za kupanda. Kwa msafiri tofauti hiyo ni jambo la kuvaa sweta tu. Kwa kupe ni jambo la uhai na kifo, na kwa sababu hiyo ni jambo kubwa pia kwa mkulima wa Mapera aliyefunga ng'ombe mmoja wa maziwa nyuma ya nyumba yake.

Tuchukue mfano. Mkulima ameuza kahawa yake, na kwa fedha hizo amenunua mtamba chotara kutoka shamba ambalo ng'ombe huogeshwa kila wiki. Mtamba amefika akiwa na afya njema, ngozi yake safi, hana kupe hata mmoja. Baada ya wiki tatu anapata homa, tezi za chini ya masikio na za mbele ya mabega zinavimba, anapumua kwa shida, povu linamtoka puani, na siku chache baadaye anakufa. Ng'ombe wa kienyeji wa jirani, ambaye masikio yake yamejaa kupe, anaendelea kula majani upande wa pili wa mfereji kana kwamba hakuna lililotokea. Jambo hili huonekana kuwa kinyume cha akili, na mara nyingi husababisha maneno baina ya majirani. Lakini lina maelezo, na maelezo yenyewe hayamo katika kupe peke yake. Yamo katika uhusiano wa kupe, hali ya hewa na mnyama.

KUPE NA UGONJWA AUBEBAO

Kupe si mdudu kwa maana halisi ya elimu ya viumbe, kwani mdudu ana miguu sita, na kupe aliyekomaa ana minane. Jamaa zake wa karibu ni utitiri na buibui. Yafaa pia atofautishwe na papasi, ambaye huishi katika nyufa za nyumba za udongo na kumuuma mtu usiku. Papasi amejichagulia makazi yasiyonyeshewa mvua wala kuchomwa na jua, na kwa hiyo mengi yatakayoelezwa hapa hayamhusu.

Aina tatu za kupe ndizo zimsumbuazo zaidi mfugaji wa Tanzania. Ya kwanza ni kupe wa masikio, mwenye rangi ya kahawia, aitwaye kisayansi Rhipicephalus appendiculatus. Huyu ndiye aenezaye ndigana kali. Ya pili ni kupe wa buluu, aenezaye ugonjwa wa kukojoa damu na ndigana baridi. Ya tatu ni kupe wa madoa, Amblyomma variegatum, mkubwa na mwenye rangi za kupendeza, aenezaye ugonjwa wa moyo kujaa maji.

Kuhusika kwa kupe katika maradhi ya ng'ombe kulithibitishwa kwanza Marekani, ambako Theobald Smith na Kilborne walichapisha matokeo yao mwaka 1893. Miaka michache baadaye Robert Koch, alipokuwa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, aliona vijidudu vya ndigana kali katika damu ya ng'ombe, lakini akadhani ni ugonjwa ule ule wa Marekani. Kosa hilo lilikuja kujulikana kwa gharama kubwa. Mwaka 1901 ng'ombe walisafirishwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki kupitia bandari ya Beira kwenda Rhodesia, nao wakaingiza huko maradhi yaliyoteketeza ng'ombe wa kusini mwa Afrika kwa mamia ya maelfu. Kutokana na safari hiyo ndipo Wazungu walipoupa ugonjwa huo jina la homa ya Pwani ya Mashariki. Charles Lounsbury, aliyefanya kazi Afrika ya Kusini, ndiye aliyeonyesha kwamba mwenezaji wake mkuu ni kupe wa masikio. Na hili lazingatiwe vema: kupe mwenyewe alikuwako kusini tangu zamani. Kilichokosekana ni kijidudu, na kilichokiingiza ni mnyama aliyehamishwa.

HESABU YA MAYAI

Kupe jike wa masikio akisha kushiba damu huanguka chini, hutaga mayai yapatayo 4,000, wakati mwingine zaidi, kisha hufa. Mayai huangua kupe wachanga wa miguu sita, wadogo kama punje za mchanga, ambao wataalamu huwaita lava. Lava hupanda juu ya jani, hunyoosha miguu yake ya mbele yenye viungo vya kunusia, na kungoja mnyama apite. Akimpata hunyonya damu kwa siku chache, huanguka, hujivua ngozi, na kuwa nimfu mwenye miguu minane. Nimfu naye hutafuta mnyama wa pili, hushiba, huanguka, na kuwa kupe kamili. Kupe kamili hutafuta mnyama wa tatu. Kwa hiyo katika maisha yake yote kupe huyu hukaa mwilini mwa wanyama kwa muda wa wiki tatu hivi tu; siku nyingine zote, ambazo zaweza kuzidi mwaka mzima, yumo majanini.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Ikiwa kupe wa mahali fulani hawaongezeki wala hawapungui, basi kati ya yale mayai 4,000 ya jike mmoja ni wawili tu, dume na jike, wanaofikia kuzaa. Wengine 3,998 hufa: kwa kukauka, kwa njaa, kwa kuliwa na siafu na ndege, au kwa kukosa mahali pa kung'ata. Badala ya wawili wakifika wanne, kupe wa mahali hapo watakuwa mara mbili katika kizazi kimoja, na mara nane baada ya vizazi vitatu. Mabadiliko ambayo jicho la binadamu haliyaoni, yaani unyevu kidogo zaidi chini ya nyasi au ng'ombe wachache walioongezeka bondeni, yanatosha kubadili matokeo yote.

KIU

Adui mkuu wa kupe aliye majanini ni ukavu. Hawezi kwenda mtoni kunywa. Maji yake huyapata kwa damu, na anapokuwa na njaa huyachukua kutoka katika hewa yenyewe: hutoa mdomoni ute wenye chumvi unaonasa mvuke, kisha huumeza. Ufundi huu hufaulu pale tu unyevu wa hewa unapokuwa mkubwa, kiasi cha asilimia 80 au zaidi. Hewa ikiwa kavu kuliko hivyo, kupe hupoteza maji mengi kuliko anayoyapata. Mchana wa jua kali hushuka chini kwenye majani yaliyooza, ambako hewa ina unyevu, na jioni au alfajiri hupanda tena. Kila safari humpunguzia akiba ya chakula aliyobaki nayo tumboni.

Ndiyo maana ardhi iliyolishwa mifugo kupita kiasi hadi ikabaki udongo mtupu huwa na kupe wa masikio wachache, hata kama ng'ombe ni wengi. Nyasi za wastani zenye kivuli cha miti, kingo za vijito na mipaka ya mashamba ya kahawa ndizo zimfaazo. Kilimo cha ngoro cha Wamatengo nacho kina mchango wake hapa. Nyasi za shamba lililopumzishwa hukatwa mvua zinapokaribia kwisha, hupangwa katika miraba na kufukiwa kwa udongo, na shamba hubaki na mashimo yenye matuta yaliyolimwa. Kupe aliyekuwa katika nyasi hizo hupoteza kivuli chake. Ngoro ilibuniwa kwa ajili ya kuzuia mmomonyoko katika miteremko mikali, wala haikukusudiwa kupambana na kupe. Lakini maumbile hayaulizi makusudio.

Joto lina kazi nyingine. Unyevu huamua kama kupe ataishi, joto huamua mwendo wa maisha yake. Penye nyuzi 25 mayai ya kupe wa masikio huangua baada ya kiasi cha mwezi mmoja. Penye nyuzi 18 muda huo huongezeka mno, na baridi ikizidi zaidi mayai hukaa hadi mengi yake yaharibike. Ufukoni mwa ziwa mayai hukomaa upesi, lakini kiangazi chake ni kikali na kirefu. Juu Umatengo unyevu upo, lakini kipupwe cha mwezi wa Juni hadi Agosti hupunguza mwendo wa kila kitu. Katikati ya mteremko ndipo masharti yote mawili hukutana kwa urahisi zaidi.

SAA YA KUPE

Katika nchi za karibu na ikweta, kama Kagera na Uganda, ambako mvua hunyesha mara mbili kwa mwaka, kupe wa umri wote huonekana miezi yote. Mkoa wa Ruvuma haupo hivyo. Mvua huanza Novemba au Desemba, humalizika Aprili au Mei, kisha kiangazi kimoja kirefu hufuata. Kupe asiyejua kalenda angetaga mayai mwezi wa Agosti, na mayai yote yangekauka.

Lakini kupe wa masikio wa kusini ana kalenda. Kupe kamili aliyejivua ngozi wakati wa kiangazi hapandi majanini kutafuta mnyama, ingawa ana njaa na wanyama wapo. Hujikunyata chini ya majani makavu, hupunguza matumizi ya nguvu zake, na kungoja. Urefu wa mchana ndio unaomjulisha majira, na mvua zikianza huamka. Basi kupe kamili huwa wengi juu ya ng'ombe tangu Desemba hadi Machi au Aprili. Mayai hutagwa wakati wa unyevu. Lava hutokea mwishoni mwa mvua na mwanzo wa kipupwe. Nimfu hufuata katika kiangazi. Kizazi ni kimoja tu kwa mwaka, na kimepangwa ili yai, ambalo ndilo dhaifu kuliko hatua zote, lisikutwe kamwe na ukavu.

Jambo hili lina maana kubwa kwa ndigana kali. Kijidudu chake, Theileria parva, hakipiti kutoka kwa kupe jike kwenda katika mayai. Kila lava huzaliwa safi. Huambukizwa anapomnyonya ng'ombe mwenye ugonjwa, au aliyepona lakini bado ana vijidudu, kisha huambukiza anapokuwa nimfu. Vivyo hivyo nimfu aliyeambukizwa huambukiza anapokuwa kupe kamili. Tena, kupe akisha kung'ata huhitaji kiasi cha siku tatu au zaidi kabla vijidudu vilivyomo katika tezi zake za mate havijakomaa. Anayewatoa kupe masikioni mwa ng'ombe wake kila siku kwa mkono anafanya kazi ya kisayansi kamili, ijapokuwa inachosha.

MNYAMA NI NCHI

Kwa kupe, mnyama ni sawa na nchi yenye rutuba au isiyo na rutuba. Ng'ombe na nyati ndio wamfaao zaidi kupe kamili wa masikio. Pofu na kuro pia. Lava na nimfu hawachagui sana: mbuzi, kondoo, sungura na paa wadogo huwatosha. Palipokwisha wanyama wa porini kwa sababu ya msongamano wa watu na mashamba, kama ilivyo sehemu kubwa ya Umatengo, maisha ya kupe hutegemea mifugo karibu kabisa.

Lakini mifugo yote haifanani. Mwaka 1939 William Trager alionyesha kwamba mnyama aliyekwisha kuumwa na kupe mara kadhaa hujenga kinga dhidi ya kupe wenyewe: ngozi huvimba pale anapong'ata, damu haipatikani vizuri, na kupe wengi huanguka wakiwa na njaa. Ng'ombe wa kienyeji wenye nundu hujenga kinga hiyo kwa nguvu zaidi kuliko ng'ombe wa Ulaya. Kwa maneno mengine, kundi la ng'ombe wa kienyeji huzalisha kupe wachache kwa kila kichwa kuliko kundi la chotara lisiloogeshwa. Anayebadili aina ya ng'ombe kijijini amebadili pia idadi ya kupe, atake asitake.

Kupe wa buluu anaonyesha upande mwingine wa jambo hili. Yeye hukaa juu ya mnyama mmoja tangu utoto hadi kushiba, kiasi cha wiki tatu. Lava wake wakikosa mnyama kwa miezi michache hufa njaa. Wamarekani walitumia udhaifu huo, pamoja na majosho, katika kampeni waliyoianza mwaka 1906. Njia ya kupumzisha malisho haiwezi kumshinda kupe wa masikio, ambaye huvumilia njaa kwa mwaka mmoja na zaidi. Tanzania ina kupe wa buluu wa aina mbili, wa asili ya Afrika na wa asili ya Asia aliyeletwa na ng'ombe. Yeoman na Walker, katika kitabu chao cha mwaka 1967 juu ya kupe wa Tanzania, walimwonyesha yule wa Asia akiwa hasa upande wa mashariki. Uchunguzi wa Lynen na wenzake uliochapishwa mwaka 2008 ulimkuta amesambaa mbali zaidi na kumwondoa mwenzake katika sehemu nyingi, na mpaka baina yao ukifuata joto na mvua. Mgeni huyu hueneza pia aina kali zaidi ya kukojoa damu, ambayo mwenyeji haienezi.

KUPE WACHACHE, HATARI NYINGI

Sasa twaweza kumrudia yule mtamba. Mahali ambapo kupe wenye vijidudu wapo kwa wingi mwaka hadi mwaka, ndama wa kienyeji huambukizwa mapema. Baadhi hufa, wengi hupona, na wakipona hubaki na kinga kwa muda mrefu. Ng'ombe mzima wa jirani hakuwa na bahati wala dawa ya siri. Aliugua akiwa ndama, akalipa deni lake. Mtamba aliyekulia penye josho la kila wiki hakupata kuonja ugonjwa, na kupe wa kwanza aliyemwuma Mapera alimkuta mtupu.

Hali ya hatari zaidi basi si ile ya kupe wengi, bali ile ya kupe wa kubahatisha: wapo mwaka huu, hawapo mwaka ujao. Ndivyo ilivyo penye baridi ya juu ambapo kizazi kimoja hufaulu na kingine hushindwa. Na mahali pa mvua moja kwa mwaka, ndama aliyezaliwa Mei, kupe kamili wakiwa wamekwisha toweka, hukutana na nimfu peke yao, na akiponea hao hukutana na wakubwa Desemba akiwa hana kinga bado.

Rhodesia, ambayo tangu mwaka 1980 ni Zimbabwe, ilitoa somo la kusikitisha. Kwa miongo mingi sheria iliwalazimisha wafugaji kuogesha ng'ombe mara kwa mara, na vizazi vya ng'ombe vilikua bila kujua kupe. Vita vya ukombozi vya miaka ya 1970 vilipoenea vijijini majosho yalisimama. Kupe walirudi, na ng'ombe wapatao milioni moja walikufa. Josho lilikuwa limewalinda ng'ombe kwa kuwanyima kinga, na lilipoondoka hakikubaki kitu. Nchini Tanzania majosho mengi yaliyojengwa miaka ya 1960 na 1970 nayo yalikuja kusimama kwa kukosa dawa, maji au fedha. Anayefufua josho lazima awe na hakika ya kuliendesha miaka yote, vinginevyo ni heri asianze.

Njia ya tatu ipo. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Muguga, Kenya, walitengeneza chanjo ya ndigana kali: mnyama hupewa vijidudu hai pamoja na dawa ya kutuliza ugonjwa kwa siku moja, akapata kinga bila kufa. Chanjo hiyo imetumika sana kwa wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania, na hutengenezwa Lilongwe, Malawi, ng'ambo ya ziwa hilo hilo. Shida yake ni kwamba huhifadhiwa katika baridi kali ya naitrojeni, na kifungu kimoja kikifunguliwa kina dozi za ng'ombe wengi ambazo lazima zitumike mara moja. Mmasai mwenye ng'ombe mia haoni tabu. Wakulima wa Mapera wenye ng'ombe mmoja mmoja lazima wakubaliane siku, mahali na mchango, na hilo ni gumu kuliko sayansi yenyewe.

Wengi huchagua kumfungia ng'ombe bandani na kumletea majani. Ni njia nzuri, kwa kuwa kupe aliyeshiba akianguka sakafuni hukosa unyevu, au hudonolewa na kuku. Lakini majani yenyewe yametoka wapi? Yakikatwa kando ya njia wapitapo ng'ombe wa kijiji, kupe wenye njaa huja ndani ya mzigo, na banda halitasaidia.

Shule au kikundi cha wafugaji chaweza kujionea haya kwa gharama ndogo. Chukua kitambaa cheupe chenye manyoya, cha meta moja mraba, kifungwe kwenye fimbo na kuburutwa polepole juu ya nyasi, mwendo wa hatua mia, mara moja kila mwezi, mahali pale pale na asubuhi umande ukisha kukauka. Kupe hushika kitambaa wakidhani ni mnyama. Mwezi wa Mei vitaonekana vinukta vidogo mno vinavyotembea, ambavyo ni lava. Julai na Agosti vitakuwa vikubwa kidogo, vyenye miguu minane. Oktoba kitambaa kitarudi karibu kitupu. Anayehesabu asiandike kwamba kupe wamekwisha: afunue majani makavu chini ya kichaka, kwani huko ndiko wanakongoja mvua.